Okidi ya Msituni au Mkwaju: Kipi Kitangulie Katika Kiwanja cha Dar es Salaam?

Watu wengi wanaohamia nyumba mpya pembezoni mwa jiji, kuanzia Goba na Madale hadi Kigamboni na Chanika, hufika wakiwa wamekwisha kuchoshwa na mafundi na bei ya saruji, na bustani huwa ndilo jambo la mwisho kufikiriwa. Kinachobaki ni ua wa mchanga mtupu, ukuta unaopigwa na jua tangu saa nne asubuhi, na kiasi kidogo cha fedha ambacho mwenye nyumba angependa kukitumia kwa mmea mmoja au miwili ya maana. Katika hali hiyo nimeulizwa mara kwa mara, na ndugu na majirani, kama ni busara kuanza na okidi ya msituni, ambayo ina maua ya kuvutia na haichukui nafasi, au kuanza na mti mgumu usiotishwa na jua wala upepo. Naandika jibu langu kwa urefu kwa sababu swali lenyewe, kwa namna linavyoulizwa, limebeba dhana ambayo siikubali: kwamba okidi ni mmea dhaifu wa kudekezwa, na kwamba mti mgumu hauhitaji mtu.

Ili tusizungumze hewani, nitachagua mmoja kwa kila upande. Kwa upande wa okidi nitaichukua Ansellia africana, yenye maua ya njano yaliyotapakaa madoa ya kahawia, ambayo huota juu ya miti katika maeneo ya joto ya Afrika kusini mwa Sahara. Mtaalamu wa mimea wa Uingereza, John Lindley, aliieleza kitaalamu mwaka 1844 na kuipa jina la John Ansell, mtunza bustani aliyeikuta katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo kinaitwa Bioko, wakati wa msafara wa Waingereza wa mwaka 1841 kuelekea Mto Niger. Katika nyanda zetu za chini huonekana juu ya mibuyu, juu ya mikoche, ile ile iliyoipa Mikocheni jina lake, na juu ya miti mingine mikubwa ya misitu ya pwani. Kwa upande wa mti nitauchukua mkwaju, ambao kila mtu wa pwani anaufahamu kwa matunda yake hata kama hajawahi kuupanda.

Ningeweza kuuchukua mwarobaini, kwa kuwa ndio unaopandwa zaidi mijini na ndio unaokua upesi. Hata hivyo mwarobaini ni mgeni kutoka Asia ya Kusini, na hapa pwani umekwisha kujieneza wenyewe ndani ya vichaka vya asili kwa mbegu zinazobebwa na ndege na popo, jambo ambalo mtu anayesema anataka bustani yenye mimea ya msituni anapaswa kulitazama mara mbili. Mkwaju, ijapokuwa jina lake la kitaalamu, Tamarindus indica, linauelekeza India, asili yake ni Afrika ya tropiki.

Sasa nirudi kwenye dhana ya udhaifu. Okidi niliyoitaja haiishi ardhini. Inakaa juu ya tawi, mahali ambapo hakuna udongo, ambapo mvua ikinyesha maji hupita kwa dakika chache na kutoweka, na ambapo upepo wa kaskazi wa Januari na Februari hukausha kila kitu kilicho wazi. Mmea unaoishi hivyo hauwezi kuwa dhaifu. Mashina yake ni manene, yamesimama wima na kugawanyika kwa pingili, yakifanana na vipande vya muwa mwembamba vilivyofungwa pamoja, na ndani yake umewekwa akiba ya maji na chakula cha kuuvusha mmea hadi mvua nyingine. Mizizi imefunikwa tabaka nene lenye vinyweleo vya hewa, jeupe lenye mng'ao wa fedha linapokuwa kavu. Ukimimina maji kidogo juu ya mzizi uliokauka na kuutazama kwa karibu, utaona weupe ule ukigeuka kijani mbele ya macho yako katika muda mfupi mno, kwa sababu tabaka limekwisha kunywa na sasa linaonyesha rangi ya mzizi ulio ndani. Hiyo ndiyo njia yake ya kunasa maji yanayopita kwa haraka. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba okidi hii hutoa mizizi ya aina ya pili, myembamba na migumu yenye ncha, inayoelekea juu badala ya kushuka, ikajipanga kuzunguka mashina na kufanya kitu cha kunasia majani makavu yanayodondoka kutoka juu. Majani hayo huoza taratibu humo humo, na mmea hujilisha.

Kwa hiyo, okidi inapokufa katika bustani za Dar es Salaam, mara nyingi haifi kwa kiu. Inakufa kwa sababu mtu aliyeipenda ameipanda katika chungu cha udongo mweusi uliochanganywa na samadi, akaimwagilia kila asubuhi pamoja na bogonvilia na mawaridi, na mizizi iliyoumbwa kupata hewa ikaoza ndani ya tope. Nimeona vyungu vya namna hiyo kwenye vibaraza vya watu waangalifu kabisa, na kila mara maelezo yanayotolewa ni kwamba maua haya hayaiwezi hali ya hewa ya hapa, ilhali hali ya hewa ya hapa, yenye joto na unyevu wa baharini mwaka mzima, ndiyo hasa yaliyoizoea. Niongeze kwamba okidi hii si kimelea. Inaukalia mti bila kunyonya chochote kutoka ndani yake, na wale wanaoing'oa kwenye miembe yao wakidhani inaunyonya mti wanaiadhibu bure.

Ugumu wa mkwaju ni wa namna nyingine. Mti huu hushusha mzizi mkuu kwenda chini sana mapema maishani mwake, na ukishaufikia unyevu wa chini hauna haja tena ya ndoo ya mtu. Unastahimili ukame, unastahimili upepo wa baharini wenye chumvi, na mbao zake ni ngumu kiasi kwamba matawi hayavunjiki kirahisi. Kwa jiji la pwani sifa hii ya mwisho si ndogo. Kimbunga Hidaya kilipofika upande wetu Mei 2024, karibu na Mafia, kilitukumbusha sote kwamba mti unaopandwa karibu na nyumba lazima upimwe pia kwa namna unavyosimama dhidi ya upepo. Mkwaju unaweza kufikia urefu wa zaidi ya mita 20 na kuishi kwa vizazi kadhaa vya wenye nyumba. Majani yake ni madogo madogo, yamepangwa jozi jozi kwenye kikonyo, na jioni jua linapozama hujikunja na kulala, kisha hufunguka tena asubuhi. Kivuli kinachotolewa na majani ya namna hiyo ni chepesi, chenye mwanga unaopenya, na jambo hili litakuwa na umuhimu mkubwa baadaye nitakapoirudia okidi.

Hata hivyo ugumu huo wa mkwaju haupo siku ya kwanza. Mche wenye urefu wa goti, uliotolewa kwenye kiriba na kuwekwa katika mchanga wa Kigamboni mwezi wa Juni, ni kiumbe dhaifu kuliko okidi yoyote. Mzizi wake bado haujafika popote, mbuzi wa jirani wanayapenda majani yake, na mchwa wanaweza kuumaliza kabla mwenye nyumba hajatambua kwamba umeanza kunyauka. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu neno gumu huwafanya watu waupande mti na kuusahau, kisha wakashangaa. Mti mgumu unadai uangalizi wa kweli katika misimu miwili ya mwanzo ya kiangazi, na baada ya hapo haudai kitu. Okidi inadai uangalizi mdogo sana, lakini inaudai kwa muda wote utakaokuwa nayo. Kwa maoni yangu hii ndiyo tofauti yenye uzito kati ya mimea hii miwili, na mtu anayechagua ajiulize kwanza yeye ni mtu wa aina gani: anayeweza kujitahidi sana kwa muda kisha akaacha, au anayeweza kufanya jambo dogo bila kukatiza.

Nafasi nayo ina sauti yake. Viwanja vingi vya kawaida hapa mjini ni vya ishirini kwa ishirini, au chini ya hapo, na nyumba yenyewe, karo la maji machafu, tangi la maji na mahali pa kuegesha gari vikishatolewa, ardhi inayobaki ni vipande vya kando ya ukuta. Mkwaju uliokomaa hutanua matawi yake kwa mita 10 au zaidi. Mimi siwezi kumshauri mtu aupande chini ya mita 6 kutoka kwenye msingi wa nyumba, wala karibu na karo, kwa maana mizizi hufuata unyevu na ufa mdogo wa zege unatosha kuikaribisha. Aidha, vijani vyake vidogo huziba mifereji ya bati, na ikiwa mifereji hiyo inaingiza maji ya mvua kwenye tangi la nyumbani, kazi ya kusafisha itakuwa ya kila msimu. Jirani ambaye bati lake litaangukiwa na maganda ya ukwaju hatakuwa na mapenzi uliyo nayo wewe kwa mti huo, kwa hiyo ni vema uzungumze naye kabla shimo halijachimbwa.

Kuna pingamizi jingine ambalo halimo katika vitabu vya kilimo. Wazee wengi wa pwani hawataki mkwaju karibu na mlango, kwa kuwa mkwaju, sawa na mbuyu, unahesabiwa miongoni mwa miti inayokaliwa na mashetani, na mama mkwe akija kutembelea na kuukuta mche umesimama mbele ya dirisha la chumba cha kulala, mazungumzo hayatakuwa mafupi. Sikusudii kumpinga mtu yeyote katika jambo hili. Naona tu kwamba umbali unaotakiwa na wazee na umbali unaotakiwa na mizizi hukaribia kuwa mmoja, yaani kona ya mwisho ya kiwanja, na kwamba anayeupanda huko huwa amewaridhisha wote wawili, fundi na bibi.

Kwa wenye viwanja katika mabonde ambako maji hutuama wakati wa masika, kama ilivyo kandokando ya Mto Msimbazi na vijito vyake, mkwaju si chaguo, kwani ustahimilivu wake wote ni wa ukame na haupendi miguu yake ikae majini. Huko ningepanda mzambarau bila kusita.

Upandaji wenyewe wa mkwaju ni rahisi. Mbegu hulowekwa usiku mmoja, kisha huatikwa katika kiriba kirefu, na huchipua kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili. Kiriba kifupi ni hasara, kwa sababu mzizi mkuu hukifikia chini upesi na kuanza kujizungusha, na mti ulioanza kwa mzizi uliojizungusha hautashuka vizuri hata ukihamishiwa ardhini. Mwenye haraka ya matunda atafute mche uliobebeshwa, ambao unaweza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, wakati mti wa mbegu unaweza kumsubirisha miaka saba au zaidi. Shimo la sentimeta 60 kila upande linatosha, udongo wa juu ukichanganywa na samadi iliyooza kabisa, na wakati mzuri ni mwanzoni mwa masika, mwezi wa Machi mvua za kwanza zinapokuwa zimeingia ardhini, ili mche upate miezi ya kutosha ya kushusha mzizi kabla ya ukavu wa Juni hadi Septemba. Matandazo ya nyasi au makuti yawekwe kuzunguka, yasiguse shina, kwa kuwa yakigusa yanawaalika mchwa. Uzio mdogo wa matete utawazuia mbuzi. Baada ya hapo tarajia ukuaji wa taratibu, wastani wa nusu mita hivi kwa mwaka, na usikate tamaa ukiona mwarobaini wa jirani umeshafika kwenye paa.

Okidi inahitaji maelezo marefu zaidi, na sehemu kubwa ya maelezo hayo ni ya kuacha kufanya mambo. Haihitaji udongo. Inaweza kufungwa moja kwa moja kwenye shina au tawi nene lenye gamba la kukwaruza, kwa kamba ya katani, ikiwa imewekewa kipande cha kumbi la nazi nyuma ya mizizi ili kushika unyevu kidogo katika miezi ya mwanzo. Makumbi yetu ya pwani huwa na chumvi, hivyo ni lazima yalowekwe katika maji baridi na maji hayo yabadilishwe mara kadhaa kabla ya kutumika. Katani ina faida juu ya waya na nailoni kwa kuwa huoza yenyewe, na kufikia wakati inapooza mizizi mipya imekwisha kujishika kwenye gamba kwa nguvu ambayo huwezi kuibandua bila kuikata. Wakati wa kuifunga ni pale vichwa vya mizizi mipya vinapoanza kuonekana, vya kijani na laini, jambo ambalo kwa kawaida huja pamoja na mvua na joto. Ikifungwa wakati imelala, itakaa miezi bila kushika popote.

Mti wa kuifungia uchaguliwe kwa gamba lake na kwa kivuli chake. Mti unaojichuna gamba, kwa mfano mpera au mkaratusi, haufai, kwa sababu siku moja gamba litaanguka na okidi juu yake. Mwembe unafaa kwa gamba, ila majani yake ni mazito na kivuli cha ndani ni cha giza, na okidi hii inapenda mwanga mwingi kuliko okidi zilizozoeleka madukani. Ikikaa gizani majani yake huwa ya kijani kilichokolea, mazuri kwa macho, na haitoi ua. Majani yenye kijani kinachoelekea njano kidogo ndiyo dalili ya mmea uliopata mwanga wa kutosha. Hapa ndipo mkwaju unaporudi katika mazungumzo. Gamba lake ni la mipasuko, kivuli chake ni chepesi, na vijani vyake vinavyodondoka ni vidogo kiasi cha kuingia na kukaa kati ya ile mizizi iliyosimama wima, vikaoza humo. Ukichungulia okidi iliyokaa kwenye mkwaju kwa misimu kadhaa utakuta kati ya mashina yake tabaka la mboji jeusi, laini, lenye harufu ya msitu baada ya mvua, ambalo hakuna mtu aliyelileta.

Upande wa mashariki wa shina ni bora, kwa kuwa okidi itapata jua la asubuhi na kukingwa na lile la alasiri. Maji ya masika na vuli yanatosha bila msaada. Katika kiangazi inyunyiziwe asubuhi, mara mbili au tatu kwa wiki, na mmea uliokwisha kushika vizuri hata mara moja utavumilia, tena kipindi cha ukavu huusaidia kutoa maua. Jambo linaloua kimyakimya ni maji ya kisima yenye chumvi, ambayo ni mengi katika maeneo ya karibu na bahari. Chumvi hubaki kwenye tabaka la mizizi maji yanapokauka, ncha za mizizi huwa nyeusi, na mmea hudumaa bila sababu inayoonekana. Maji ya mvua yaliyokingwa katika ndoo kubwa au pipa ndiyo ninayoyapendekeza, na kwa mmea mmoja au miwili pipa moja linakwenda mbali. Mbolea ya dukani, ikitumika, iyeyushwe kwa robo ya kiwango kilichoandikwa kwenye mfuko. Adui mkubwa wakati wa mvua ni konokono, ambao hupanda shina usiku na kula machipukizi na ncha za mizizi, na dawa yao ya uhakika ni kutoka na tochi baada ya chakula cha usiku na kuwaokota kwa mkono.

Yote haya yanachukulia kwamba okidi imepatikana kwa njia ya halali, na hapa sina budi kuwa mkali. Kando ya barabara zetu kuna vitalu vizuri vya miche na maua, na wauzaji wengi ni watu wanaojua kazi yao; lakini hutokea mtu akatoa nyuma ya meza fungu la okidi lililofungwa kwa gunia na kusema, "Mama, hii hatukuikata, imeanguka na tawi huko msituni." Huenda ni kweli. Miti inakatwa kwa mkaa katika misitu ya pwani, pamoja na ile ya upande wa Pugu na Kazimzumbwi kusini-magharibi mwa jiji, na okidi zilizo juu yake huangukia chini. Lakini tukikubali maelezo hayo kila mara, tutakuwa tunawalipa watu ili matawi yaendelee kuanguka. Okidi hii imewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, na uvunaji wa porini ni mojawapo ya sababu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu kutoa mmea katika hifadhi ya msitu bila kibali, na biashara ya kuvuka mipaka ya okidi zote inasimamiwa na mkataba wa CITES, uliosainiwa Washington mwaka 1973.

Sababu ya okidi kuvunwa badala ya kuoteshwa ni ya kimaumbile. Mbegu zake ni vumbi tupu, maelfu kwa maelfu ndani ya tunda moja, na hazina akiba yoyote ya chakula kama iliyo ndani ya punje ya hindi au mbegu ya ukwaju. Porini haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu wa aina fulani anayezilisha. Ni mwaka 1922 tu ambapo Lewis Knudson, wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alionyesha kwamba zinaweza kuota bila kuvu huyo zikiwekwa katika chupa safi yenye jeli iliyotiwa sukari na madini, na hadi leo kazi hiyo inahitaji maabara na subira. Ndiyo maana kitalu cha kawaida cha barabarani hakioteshi okidi kwa mbegu. Njia nyepesi kwa mtu wa nyumbani ni kugawanya fungu la zamani, kila kipande kikibaki na mashina matatu au manne na mizizi yake, na mtu mwenye mmea uliostawi kwa kawaida huwa na cha kumgawia mwenzake.

Anayenunua aitazame mizizi kabla ya kutazama ua. Mmea uliolelewa kitaluni huwa na mizizi iliyofuata umbo la chungu au kipande cha ubao, na mashina yake huongezeka ukubwa kwa mpangilio kutoka lile la zamani hadi jipya. Uliochukuliwa porini huwa na mizizi iliyokatika, mara nyingi ikiwa bado imeshika vipande vya gamba la mti, majani yaliyochanika, na mashina makubwa yenye alama za panga. Huo wa pili, mbali na sheria, ni ununuzi mbaya hata kwa pesa yako, kwa kuwa mmea uliopoteza mizizi yake yote hutumia akiba ya mashina kwa muda mrefu, na mingi hufa kabla haijatoa mizizi mipya.

Basi nikitakiwa kuchagua kimoja tu, kwa mtu mwenye kona ya kutosha na udongo usiotuamisha maji, nachagua mkwaju, na sichelei kusema kwamba sababu mojawapo ni mchuzi wa samaki na juisi. Okidi nzuri inaweza kuja wakati wowote. Mti unaochelewa mwaka mmoja umechelewa mwaka mmoja wa kivuli. Mwenye mti mkubwa uliokuwepo tangu zamani, hata mwembe ambao matawi yake ya ndani yamepunguzwa ili kuingiza mwanga, hana sababu ya kusubiri, na anaweza kufunga okidi yake masika haya haya. Mkwaju mchanga utakuwa na shina la kubeba okidi baada ya miaka kadhaa, na katika muda huo fungu linaweza kuning'inizwa chini ya upenu wa mashariki.

Kwa mpangaji jibu linageuka kabisa, kwa maana hakuna mwenye busara anayepanda mkwaju katika ua wa mtu mwingine ambaye anaweza kupandisha kodi Desemba. Yeye achukue kipande cha gogo gumu chenye gamba lake, kisichotiwa rangi wala dawa ya mbao, urefu wa mkono hivi, akitoboe juu na kupitisha waya wa kuning'inizia, kisha aifunge okidi kwa katani kama ambavyo angeifunga kwenye mti. Siku ya kuhama iachwe bila maji tangu siku iliyotangulia, izungushiwe gunia la katani na si mfuko wa plastiki, na isafiri ikiwa imesimama, mbele kwa dereva, isiwekwe nyuma ya Kirikuu pamoja na magodoro na jiko.